Tarumbeta Isiyo na Pa Kujificha

Kizazi changu kiliposikia neno "jazz" kilielewa bendi za dansi: Morogoro Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz. Humo tarumbeta aghalabu ilikuwa ya kuitikia. Mwimbaji akimaliza ubeti, wapulizaji hujibu kwa pamoja, kisha hunyamaza. Majina ya waimbaji tuliyajua hata sisi wa Ifakara, kwa njia ya redio. Jina la mpulizaji kama Joseph Lusungu wa Nuta Jazz lilijulikana kwa wachache wenye kudadisi. Kwa sikio lililolelewa hivyo, rekodi ninayotaka kuieleza ni ngeni kabisa, maana tarumbeta ni moja tu, haina mwimbaji wa kumjibu, wala haina pa kujificha.

Rekodi hiyo huitwa Bemsha Swing. Ilinaswa mbele ya wasikilizaji mwezi Februari 1986, katika klabu ya Baker's Keyboard Lounge, mjini Detroit, Marekani. Kiongozi ni Woody Shaw, aliyezaliwa mwaka 1944 na kukulia Newark. Piano inapigwa na Geri Allen, besi na Robert Hurst, na ngoma na Roy Brooks. Kadhaa kati ya tungo zao ni za Thelonious Monk, mtunzi ambaye nyimbo zake huonekana nyepesi mpaka mtu ajaribu kuzipiga.

Ustadi wa Shaw ni upi? Yeye hapandi ngazi ya sauti kidato kwa kidato. Huruka vidato, na mara nyingine hutoka kabisa katika sauti kuu ya wimbo, hata msikilizaji akadhani amepotea. Watu wa bonde letu watanielewa upesi. Mto Kilombero ukiwa umefurika, mpiga kasia mzoefu haelekezi mtumbwi moja kwa moja kwenye gati la ng'ambo. Huelekea juu ya mto kwanza, kisha huyaacha maji yamteremshe hadi mahali alipokusudia. Abiria mgeni hushikwa na hofu; mwenyeji hutulia. Ndivyo Shaw anavyotua katika sauti ya nyumbani, wakati ule ule unapoanza kumwonea shaka.

Lipo jambo jingine linalonigusa mimi niliyefundisha walimu. Usiku ule Allen alikuwa na umri wa miaka 28, na Hurst 21. Kiongozi mwenye hofu huijaza kila nafasi yeye mwenyewe. Shaw huishusha tarumbeta na kumwachia binti yule wa piano aseme yake kwa kituo, bila kumharakisha. Kati ya mambo yote tunayowafunza walimu vijana, gumu kuliko yote ni kunyamaza mwanafunzi anapofikiri.

Sisemi kwamba rekodi haina kasoro. Kwangu mimi baadhi ya tungo hurefuka kupita haja. Linalofaa ukumbini usiku huweza kuchosha sebuleni mchana. Walakini urefu huo ndio unaotuonyesha mtu akifikiri, hatua kwa hatua, mbele ya macho ya watu.

Macho yake mwenyewe yalikuwa yakififia kwa maradhi. Mnamo Februari 1989 aligongwa na treni huko Brooklyn, akapoteza mkono. Tarehe 10 Mei mwaka huo akafariki, akiwa na miaka 44. Rekodi hii ilitolewa mwaka 1997. Wala si kwamba hakujulikana kabisa: mwaka 1978 wasomaji wa jarida la Down Beat waliichagua santuri yake ya Rosewood kuwa bora ya jazz. Lakini heshima ya wajuzi haikumfikisha kwa umma, na wengi wanaomsifu leo wamemjua akiwa kaburini.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Lakini anatunzwaje asipotajwa jina? Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania, zikipiga wote kwa pamoja, na sauti za wapulizaji wetu zimo katika kanda hizo. Kwa hiyo ninalo ombi moja kwa watangazaji wa muziki wa zamani: mkishamtaja mtunzi na mwimbaji, mtajeni na mpiga tarumbeta. Baadhi yao wangali hai, na redio wanazo.