Ni Nani Aliyeingiza Siasa Katika Sadaka?



Kila linapotokea balaa kubwa duniani, ikiwa ni tufani, njaa au mtetemeko wa ardhi, hazipiti siku nyingi ila waimbaji mashuhuri hupanda jukwaani, taa zikawashwa, na walimwengu wakaombwa watoe. Na akitokea mmoja katika waimbaji hao akamtaja mtawala, au akauliza ni kwa nini watu wamekufa, husikika makelele: siasa imeingilia, leo si siku ya siasa, leo ni siku ya huruma. Kauli hii imekwisha kuwa kama ada, na wengi wetu tumeikubali bila ya kuipima. Basi natuipime.

Tarehe 29 Agosti, 2005, tufani iliyopewa jina la Katrina iliipiga pwani ya kusini ya Marekani, na kuta zilizojengwa kuulinda mji wa New Orleans na maji zikabomoka. Wenye magari walikuwa wamekwisha ondoka. Waliobaki, na wengi wao walikuwa ni mafakiri na watu weusi, walikaa juu ya mapaa na ndani ya kiwanja cha michezo siku kadha wakingojea maji ya kunywa. Mnamo tarehe 2 Septemba shirika la televisheni la NBC lilitangaza tamasha la kuwachangia. Mwimbaji Kanye West, akiwa amesimama kando ya mchekeshaji Mike Myers, aliyaacha maneno aliyoandikiwa akasema kwamba Rais Bush hawajali watu weusi. Punde kamera ikageuzwa kwa mtu mwingine. Saa chache baadaye, tamasha hilo lilipoonyeshwa kwa watu wa pwani ya magharibi, maneno hayo yalikuwa yamekwisha katwa, na shirika likatoa taarifa kwamba msemaji aliyatoka aliyoandaliwa.

Simwombi msomaji amfanye mtu huyu kuwa kiongozi wake. Tangu siku ile amesema mengi, yakiwamo maneno ya chuki juu ya Mayahudi, ambayo hayana utetezi. Hata neno lake la siku ile lilivuka mpaka, kwani alidai kuyajua yaliyomo moyoni mwa mtu, na hayo si ya mja kuyajua. Lakini tukiliweka kando hilo la moyo, swali lililo chini yake linabaki pale pale: kwa nini waliozama wawe hao? Kuta zilizobomoka zilikuwa kazi ya kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani, na kikosi hicho chenyewe kilikiri mwaka 2006 kwamba zilikuwa na makosa katika namna zilivyobuniwa na kujengwa. Nani aamue ukuta ujengwe wapi, kwa fedha kiasi gani, na nani aletewe basi la kumwondoa: hayo ndiyo siasa, nayo yalikuwamo New Orleans miaka mingi kabla ya mwimbaji yeyote kushika kipaza sauti.

Sasa twende kwenye mfano ulio mkubwa zaidi, na ulio karibu nasi. Tarehe 23 Oktoba, 1984, BBC ilionyesha picha za watu wanaokufa kwa njaa huko Korem, kaskazini mwa Ethiopia. Sauti ilikuwa ya mwandishi Michael Buerk. Jicho lilikuwa la mpiga picha wetu wa Afrika Mashariki, Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, yule aliyekuja kufa mwaka 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ikaanguka baharini kwenye visiwa vya Ngazija. Picha zile zilizunguka dunia nzima. Mwimbaji Bob Geldof alipoziona aliwakusanya wenzake wa Uingereza, wakarekodi santuri mwezi wa Novemba, na jina la santuri ile lilikuwa ni swali: je, wanajua kuwa ni Krismasi?

Hapa nasimama kidogo. Ethiopia ni nchi iliyoupokea Ukristo katika karne ya 4, kabla ya Waingereza wengi kuusikia, na Wakristo wake huiadhimisha siku hiyo tarehe 7 Januari. Na katika hao waliokuwa wakifa Wollo, wengi walikuwa Waislamu. Mtunzi alikusudia wema, wala sina shaka na hilo. Lakini swali lenyewe linaonyesha kwamba hakuna aliyejisumbua kuuliza ni watu gani hao wanaosaidiwa. Walitosha kuwa na njaa.

Tarehe 13 Julai, 1985, likafuata tamasha la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja, likirushwa kwa setilaiti mpaka nchi zaidi ya 100. Kwa ufundi wa muziki na mitambo lilikuwa jambo la ajabu, na mwenye kulidharau kwa hilo anajidanganya. Makumi ya mamilioni ya pauni yalikusanywa, nafaka ikanunuliwa, malori yakanunuliwa, na wako watu walio hai leo kwa sababu hiyo. Hayo hayafutiki.

Ama nguvu ya siku ile haikuwa katika nyimbo peke yake. Mwimbaji David Bowie aliacha wimbo wake mmoja ili kupisha filamu fupi ya watoto wa Ethiopia, ikiwa imetiwa muziki wa huzuni chini yake. Michango ikaongezeka. Tuitazame filamu ile kama wahakiki. Watoto wale hawana majina, hawana kijiji, hawana baba, hawana adui. Mtu akiitazama mara kumi hatajua kwamba nchi ile ilikuwa vitani. Kwamba serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa ikipigana na wapiganaji wa Eritrea na wa Tigray. Kwamba Septemba, 1984, watawala hao walisherehekea kwa fahari kubwa miaka 10 ya mapinduzi yao ilhali njaa imekwisha enea kaskazini. Ukame ulikuwapo, naam. Lakini ukame unaikuta nchi, na vita huamua ni nani atakayeweza kuihama, ni soko lipi litakalopigwa mabomu, na ni lori lipi litakaloruhusiwa kupita. Buerk mwenyewe aliifananisha njaa ile na zile za zama za Biblia. Msikilizaji akafahamu kuwa ni jambo lililoshuka kutoka mbinguni, lisilo na mwenyewe duniani.

Na si kwamba hayo yalikuwa siri. Serikali ile iliwachukua watu karibu 600,000 kutoka kaskazini ikawahamishia kusini-magharibi, wengi wao kwa nguvu, na maelfu wakafa njiani au katika makambi. Madaktari wa Kifaransa wa Médecins Sans Frontières walisema wazi kwamba msaada wenyewe unatumiwa kama chambo: mwenye njaa huja kituoni kutafuta chakula, akakamatwa akapakiwa. Mwezi wa Desemba, 1985, madaktari hao walifukuzwa nchini. Mashirika mengine mengi yalinyamaza ili yabaki, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi, maana mgonjwa aliye mbele yako hawezi kungoja serikali ibadilike. Lakini kunyamaza kule nako kulikuwa siasa, na kulimfaa mtawala.

Uadilifu unanilazimu kuongeza jambo. Mwezi wa Machi, 2010, BBC ilitangaza habari kwamba fedha za misaada zilizopelekwa Tigray zilinunuliwa silaha na wapiganaji. Na mwezi wa Novemba mwaka huo huo ikaomba radhi kwa kuwafanya wasikilizaji waamini kwamba zilikuwa fedha za mfuko wa Geldof, kwa kuwa ushahidi wa hilo haukuwapo. Wako mpaka leo wanaoirudia habari ile ya kwanza bila ya kuitaja ya pili. Sisi tumeamrishwa tuipeleleze habari kabla ya kuwadhuru watu kwayo, na amri hiyo inamhusu mwimbaji wa Ulaya kama inavyomhusu jirani.

Sasa, msomaji mpenzi, kumbuka kisa unachokijua tangu madrasa, kwani kilitokea katika nchi ile ile ya Habasha. Waislamu wa kwanza walipoikimbia Makka wakaingia kwa Najashi, Makureshi waliwatuma wajumbe wenye zawadi ili warudishwe. Mfalme hakuwatoa wakimbizi wale kwa zawadi, wala hakuwahifadhi kwa huruma tupu. Aliwaita akawauliza kisa chao. Jaafar bin Abi Talib akasimama akaeleza: tulikuwa hivi, tukaitwa kwenye haya, watu wetu wakatutesa kwa sababu hii. Alitaja dhuluma na akawataja wenye kuidhulumu, mbele ya wajumbe wao. Najashi akasikiliza pande zote mbili, akawahifadhi wageni na kurudisha zawadi. Hebu fikiri lau Jaafar angeliambiwa: usituletee siasa za Makka, tuonyeshe majeraha yako tu, kisha kaa chini.

Mkimbizi wa karne ya 7 alipewa nafasi ya kusema mwenyewe. Katika Live Aid, tamasha la kuisaidia Ethiopia, hakukuwa na Muethiopia jukwaani. Mmoja wa watoto wa filamu ile, binti wa Tigray aitwaye Birhan Woldu, alionekana London miaka 20 baadaye, tarehe 2 Julai, 2005, katika tamasha la Live 8. Hapo ndipo umati ulipolisikia jina lake. Na katika tamasha hilo hilo waimbaji wa Kiafrika walitengewa jukwaa lao huko Cornwall, baada ya watu kulalamika kwamba wamesahauliwa. Linalopendeza ni kwamba Geldof wa 2005 hakuomba fedha kabisa. Aliwataka wakuu wa nchi tajiri, waliokuwa wakikutana Gleneagles siku chache baadaye, wasamehe madeni. Kwa maneno mengine, mwenye jukwaa mwenyewe alikuwa amefika kwenye siasa.

Nasi wa Afrika Mashariki tusiwacheke sana. Ni nani asiyeijua harambee ya Kenya, mgeni wa heshima akiwa mbele, bahasha zikifunguliwa, jina na kiasi vikitangazwa kwa kipaza sauti, na ukarimu ukizidi kila uchaguzi unapokaribia? Sheria ya mwaka 2003 ilijaribu kuwazuia watumishi wa umma wasiyatumie makusanyo hayo, na si bure kwamba ilihitajika. Hiyo ndiyo siasa inayostahili kuitwa uvamizi: ile inayopanda jukwaani kwa kimya, ikipigiwa makofi, na haitaji mwenye kosa ila humtaja mwenye kutoa.

Katika matamasha yote ya namna hii, lile ninaloliheshimu zaidi ndilo la kale zaidi kati ya makubwa. Mwezi wa Novemba, 1970, tufani iliua watu wasiopungua 300,000 katika Pakistan ya Mashariki. Mwezi wa Machi, 1971, jeshi la Yahya Khan likawashukia wananchi wake wale wale, kwa kuwa walikipigia kura chama kisichotakiwa, na mamilioni ya wakimbizi wakamiminika India. Mpigaji sitar Ravi Shankar, ambaye asili ya jamaa zake ni Bengal, alimwendea rafiki yake George Harrison. Tarehe 1 Agosti, 1971, wakapiga mara mbili katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, mbele ya watu wapatao 40,000, nao Wabengali wakapewa sehemu ya kwanza, kwa ala zao wenyewe. Na tamasha wakaliita la Bangladesh. Wakati huo serikali ya Marekani ilikuwa upande wa Yahya Khan na haikulitambua taifa la jina hilo. Ililitambua mwaka 1972. Lau siasa ingekatazwa, hata tikiti isingechapwa.

Fedha za mlangoni, dola 243,418.50, zilikwenda UNICEF. Zile za santuri na filamu, ambazo zilikuwa nyingi zaidi, zilizuiliwa sehemu kubwa kwa miaka karibu 10 na idara ya kodi ya Marekani, kwa hoja kwamba waandalizi hawakujiandikisha kama wafanyao hisani kabla ya siku ya tamasha. Wakimbizi walikuwa wamekwisha rudi makwao, na watoto wao wanasoma, ilhali makaratasi bado yanabishaniwa. Hilo nalo, ndugu msomaji, tuliite nini?