Maji Matamu kwa Zana za Bahari

Watu wengi wasifuo kazi ya uvuvi husifu saa ile ambayo mshipi umekaza, tanga limejaa upepo na nguru anakata maji mbele ya omo. Nami sina pingamizi juu ya sifa hizo, kwani zastahiki. Lakini iko saa nyingine, ipitayo bila ya shangwe wala mtazamaji, nayo ni ile ifuatayo baada ya samaki kushushwa na kugawanywa, wakati mvuvi, aliyekesha usiku na kuchomwa na jua la asubuhi, abakiapo ufuoni na nyavu zilizolowa, ndoana zenye mabaki ya chambo, na kamba nzito zilizojaa mchanga. Na kwa rai yangu saa hiyo ndiyo impambanuayo fundi na mtu aliyebahatika siku moja.

Hasimu wake hapo ni chumvi, na uhasama wa chumvi hauonekani mara moja. Lita moja ya maji ya bahari huchukua gramu zipatazo 35 za chumvi. Basi wavu wa pamba uliokunywa lita kumi, ukianikwa vivyo hivyo bila ya kusuuzwa, jua litayachukua maji yote na kuziacha gramu 350 ndani ya nyuzi, zikiwa punje ndogo zenye ncha, ambazo kila wavu ukunjwapo na kukunjuliwa huusaga uzi kwa ndani. Wala mtu asidhani kwamba wavu huo umekauka. Chumvi ya kawaida huyavuta maji yaliyomo hewani na kuyeyuka yenyewe pindi unyevu wa hewa uzidipo kiasi cha 75 kwa mia, na hicho ni kiasi ambacho usiku wa mwambao wetu hukipita aghalabu ya siku. Kwa hiyo wavu uliokuwa mkavu wakati wa adhuhuri huamka chepechepe alfajiri, na ndoana iliyotundikwa kando yake hushika kutu usiku kucha, ingawa haikuguswa na tone la mvua.

Dawa ni maji matamu, na ili kuithamini dawa hiyo yafaa tukumbuke mahali itumikapo. Mji wa Lamu umeishi dahari nyingi kwa maji ya visima vya vilima vya mchanga vilivyoko Shela, ambako mvua hunyesha, ikachujwa na mchanga, ikakaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini yake kwa kuwa ni nyepesi kuliko hayo; na kisima kikitekwa kwa pupa, chumvi hupanda. Katika nchi ya namna hii mtu hawezi kumwaga maji ovyo juu ya nyavu, wala hawezi kuzinyima. Ndipo ulipozaliwa utaratibu wenye busara: mwani, magamba na utelezi wa samaki huondolewa kwanza kwa maji ya bahari yenyewe, kwa kuutikisa wavu mahali penye kina cha magoti, kisha hutumiwa maji matamu machache kwa mara mbili, kwani ndoo mbili zilizotumiwa moja baada ya nyingine, wavu ukikamuliwa baina ya mbili hizo, hutoa chumvi nyingi kuliko ndoo hizo hizo zilizomiminwa kwa pamoja. Maji yaliyo safi kabisa hupewa vyuma na mishipi. Yale yaliyokwisha tumika hupewa nyavu kwa muosho wao wa kwanza. Kamba ya usumba haidai kitu, kwani makumbi yake yalifukiwa kwa miezi katika mchanga uloweshwao na maji ya pwani kabla ya kupondwa na kusokotwa, nayo huivumilia chumvi kuliko kamba zote zitokanazo na mimea.

Maarifa makubwa zaidi ya wazee wetu yalikuwa katika nyavu za pamba. Pamba ina maradhi mawili: hukatwa na chumvi ikiwa kavu, na ikiwa mbichi huliwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huigeuza kuwa uzi mwororo unaokatika kwa kidole. Kuosha huondoa ugonjwa wa kwanza. Wa pili ulitibiwa kwa magome ya mkandaa, mti wa jamii ya mikoko, yaliyopondwa na kuchemshwa katika sufuria kubwa hata maji yakawa mekundu kama chai iliyoiva, kisha wavu safi ukazamishwa humo, ukaachwa, ukatolewa, ukaanikwa, na jambo hilo likarudiwa. Asili ya tanini iliyomo katika magome hayo ndiyo ile ile igeuzayo ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu: hushikamana na uzi na kuwazuia waharibifu wake. Hata hivyo bahari huichukua tanini kidogo kidogo, na kwa sababu hiyo wavu uliotumika sana ulidai kurudishwa katika sufuria mara kwa mara, na mwenye wavu alijua kwa kuitazama rangi yake kwamba wakati umewadia. Aliyeutia wavu rangi bila ya kuuosha kwanza alipoteza magome na kuni zake, kwani chumvi, mafuta na utelezi wa samaki huizuia dawa isiingie. Elimu hii haikuandikwa katika kitabu cha shule yoyote niijuayo, nami naona huzuni kwa jambo hilo.

Kisha ikaja nailoni. Wallace Carothers na wenzake waliiunda katika maabara ya DuPont huko Marekani mwaka 1935, na ilipofika katika mikono ya wavuvi iliwapa jambo ambalo hakuna aliyewahi kulipata: uzi usiooza. Ni neema kubwa, na mikoko yetu, ambayo hufa ikichunwa magome kuzunguka shina lote, imepata ahueni. Lakini neema hii imeingia pamoja na ghururi. Wengi waliosikia kwamba nailoni haiozi walifahamu kwamba haidai kutunzwa, wakaiacha ufuoni mchana kutwa. Nayo, ambayo haiogopi vijidudu, huliogopa jua, kwa maana miale yake huukata uzi katika asili yake hata ukawa mkavu, hafifu, usiostahimili mvuto wa papa mdogo. Basi amri ya wazee imepinduka: wavu wa pamba ulihitaji jua upesi, wavu wa nailoni wahitaji kivuli na upepo, chini ya banda la makuti lililo wazi pande zote. Na wavu wa nailoni uliochakaa kisha ukatupwa baharini huendelea kuvua muda mrefu bila ya mwenyewe, jambo ambalo wavu wa pamba, kwa kuoza kwake, haukuweza kulifanya kwa muda kama huo.

Juu ya vyuma nitasema machache. Ndoana huoshwa, hufutwa hata ikakauka, hupakwa mafuta, na hutengwa na shaba; kwani chuma na shaba vikigusana ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kiangamiacho. Humphry Davy alilitumia jambo hili mwaka 1824 kwa manufaa ya manowari za Uingereza: alibandika vipande vya zinki na chuma juu ya mabamba ya shaba yaliyofunika matumbo ya merikebu, ili viliwe vyenyewe na shaba isalimike. Shaba ikasalimika kweli, illa ikapotewa na ile sumu yake iliyokuwa ikiwafukuza wagandao, na merikebu zikaota mwani na magamba hata zikapungua mwendo. Leo kipande cha zinki hukaa katika mashine za mashua zetu kwa kazi hiyo hiyo ya kujitoa kafara, na mashine hizo nazo hudai haki yao ya maji matamu: huzamishwa katika pipa na kuwashwa kitambo, mpaka chumvi itoke katika mishipa ya ndani ambayo mkono hauwezi kuifikia.

Sipendezwi na desturi ya kuwaachia watoto peke yao kazi hii, kana kwamba ni mabaki ya kazi. Wavu ukioshwa hupita mkononi pima kwa pima, na hapana wakati mwingine wowote ambao mvuvi hukutana na kila jicho la wavu wake namna hiyo: vidole huhisi jicho lililokatika, chubwi iliyolegea, boya lililopasuka, na mahali ambapo kamba ya juu imesagika kwa kusuguana na mwamba. Mtoto hupitisha haya yote asiyatambue, kwa kuwa hakufundishwa kuyatafuta. Nahodha ajuaye thamani ya mali yake hushika upande mmoja wa wavu, akamweka kijana upande wa pili, wakaupitisha baina yao majini polepole. Na kila palipoharibika hufunga kipande cha kitambaa cheupe, ili alasiri, wavu ukisha kukauka na sindano ikisha kujazwa uzi, kushona kuanze pasi na kutafuta.