“Nimeokoka”: Kitenzi, Ushuhuda na Gharama ya Kusema Hadharani katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ya ushuhuda katika uamsho wa Kikristo ulioanzia Uganda na Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuenea Burundi, Kenya na Tanganyika. Hoja yake ni kwamba kilichowakera wasikilizaji wa kwanza kilikuwa ndani ya kitenzi kimoja, nimeokoka, na kwamba wasikilizaji hao walikuwa Wakristo wenzao kabla ya kuwa watawala. Makala yanafuatilia pia namna kitenzi hicho kilivyopoteza gharama yake, na yanagusia athari za jambo hilo kwa waandishi wa sera za dini katika ukanda wetu.

Utangulizi

Anayeandika kuhusu ujasiri wa Wakristo wa Afrika Mashariki wa kukiri imani yao hadharani huanzia Namugongo, na ana sababu. Vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga waliouawa kati ya 1885 na 1887, Waanglikana na Wakatoliki, wamekuwa kipimo cha ushujaa wa dini Uganda, hasa baada ya Papa Paulo VI kuwatangaza Wakatoliki 22 miongoni mwao kuwa watakatifu mwaka 1964. Kutoka hapo mwandishi hurukia Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin siku chache baada ya maaskofu kumwandikia Rais barua ya malalamiko. Masimulizi haya mawili yana umbo moja: muumini upande huu, mtawala upande ule, na kifo katikati.

Umbo hilo limetupofusha kidogo. Kati ya Namugongo na Luwum kuna takriban miaka tisini, na katika miaka hiyo watu wa kawaida, wakiwemo wauguzi, walimu, wake wa wachungaji na wapishi wa wamisionari, walisimama mbele ya majirani zao na kusema jambo ambalo halikuwapeleka kwenye moto wala risasi. Liliwapeleka kwenye dharau, kufukuzwa chuoni, kutengwa na ukoo na, mara nyingi, kukemewa na mchungaji wao wenyewe. Luwum mwenyewe alitokana na watu hao, maana aliingia katika uamsho mwaka 1948. Asiyeusikiliza ushuhuda wa kijijini hawezi kueleza barua ya maaskofu.

Ni vyema kuondoa utata wa istilahi mapema. Msomaji wa Zanzibar akisikia “Uamsho” atafikiria jumuiya ya Kiislamu yenye jina hilo. Hapa neno linatumika kwa maana ya vuguvugu la Wakristo ambalo kihistoria linahusishwa na mkutano wa Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church pale Namirembe mwaka 1929, na kisha na hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda.

Kitenzi na njeo yake

Waumini wa vuguvugu hili walijulikana Uganda kwa jina la Balokole, na Kiswahili kikalichukua: mlokole, walokole. Kimofolojia jina hilo linastahili kutazamwa. Ni nomino inayotokana na kitenzi okulokola, kuokoa, ikaishia kwa -e, kama vile Kiswahili kinavyounda mtume kutokana na tuma, mteule kutokana na teua na kiumbe kutokana na umba. Nomino za namna hii humtaja mtu aliyetendewa jambo. Mtume ametumwa na mteule ameteuliwa. Mlokole, basi, ni mtu aliyeokolewa. Kiswahili kilipolipokea hakikuwa na kitenzi cha kulokoa cha kulieleza, hivyo likabaki jina lisilo na mzizi masikioni mwa wengi, na jina lisilo na mzizi ni rahisi kuligeuza kejeli. Ndivyo lilivyotumika mara nyingi: mlokole ni yule asiyekunywa pombe msibani, na asiyenyamaza.

Mlokole mwenyewe, akijieleza kwa Kiswahili, hatumii jina hilo sana. Husema nimeokoka. Hapa kuna mambo mawili ya kisarufi ambayo, kwa maoni yangu, yanabeba mgogoro wote.

La kwanza ni kiambishi -me-. Hiki hutaja tendo lililokamilika ambalo matokeo yake yangalipo. Anayesema niliokoka anasimulia tukio. Anayesema nitaokoka anatumaini. Anayesema nimeokoka anadai hali iliyopo sasa, mbele ya macho ya anayemsikiliza, na hivyo anamwalika msikilizaji aikague. Wazee wengi wa makanisa, wa Kilutheri na wa Kianglikana sawia, na Wakatoliki waliokuwa wakitazama kwa mbali, waliona madai haya kuwa kiburi: nani awezaye kujua hukumu yake kabla ya siku ya hukumu? Ubishi huo haujaisha. Mpaka leo katika miji ya Tanzania utasikia watu wakishindana kama wokovu upo hapa duniani au la, na wote wawili wana Biblia mkononi. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 inawapa silaha pande zote: katika Waefeso 2:8 kitenzi kimewekwa katika hali timilifu, ilhali katika Mathayo 24:13 kimewekwa katika wakati ujao. Ubishi wa wokovu kwa Kiswahili umekuwa, kwa kiasi kikubwa, ubishi wa -me- na -ta-.

La pili ni kauli. Waefeso 2:8 hutumia kauli ya kutendwa, okolewa. Ushuhuda hutumia kauli ya kutendeka, okoka, sawa na vunjika na pasuka. Kikombe kimevunjika: sarufi haitaji aliyekivunja. Nimeokoka: sarufi haimtaji aliyeokoa wala haimwachii nafasi katika sentensi. Kinyarwanda na Kirundi, lugha za jirani zilizoulea uamsho huu utotoni, vilifuata njia nyingine. Huko muumini husema ndakijijwe, kutokana na gukizwa, kauli ya kutendwa ya gukiza, kitenzi ambacho pia ni cha kuponya. Mnyarwanda anayeshuhudia anajitaja kama mgonjwa aliyeponywa na mwingine. Mswahili anajitaja kama aliyefika hali fulani.

Tofauti hii isitiwe chumvi. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alijenga dhana nzima ya wakati wa Kiafrika juu ya njeo za Kikamba na Kigikuyu, na wahakiki wake wamemwonesha hatari ya kupima fikra za watu kwa viambishi vyao. Sidai kwamba Mswahili hamjui mwokozi wake kwa sababu ya kiambishi -k-. Ninachodai ni kidogo zaidi: kitenzi kisichomtaja mtenda kinamdai msemaji asimulie. Baada ya nimeokoka msikilizaji hubaki na maswali, na nani, kutoka katika nini, na kwa dalili gani. Ushuhuda wa uamsho wa awali ulikuwa jibu la maswali hayo, na jibu hilo ndilo lililokuwa na gharama.

Jibu na gharama yake

Jibu lilikuwa kuungama hadharani kwa kutaja mambo kwa majina yake. Watu walirudisha mali waliyoiba kwa waajiri, walikiri uzinzi mbele ya wake na waume zao, walitaja uongo waliouandika katika vitabu vya hesabu za misheni. Wamisionari nao waliguswa. Joe Church na baadhi ya wenzake waliungama mbele ya Waafrika ubaguzi na ukali wao, jambo ambalo kanuni za heshima za ukoloni hazikulitarajia. Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu uamsho huu na uzalendo wa kikabila, ameeleza vizuri kwa nini wazee wa makabila walichukia. Walikuwa wakijenga sura ya taifa lenye adabu na historia ya kujivunia, na hapa wanawake na vijana walikuwa wakianika siri za nyumba barabarani. Kitabu hicho ni cha lazima kwa mtafiti yeyote wa uwanja huu. Udhaifu wake, kwa mtazamo wa isimu, ni kwamba kinaupima ushuhuda zaidi kwa athari zake kwa siasa za kabila kuliko kwa umbo lake kama tanzu, na hivyo mgogoro wa ndani ya kanisa unapata nafasi ndogo kuliko uzito wake.

Mgogoro huo ulionekana wazi Mukono mwaka 1941. Wanafunzi 26 wa Chuo cha Bishop Tucker, wakiongozwa na William Nagenda, walifukuzwa. Walikuwa wakiandaliwa kuwa watumishi wa kanisa. Walikuwa wakiamka kabla ya alfajiri kusali na kuhubiri, na uongozi ukawakataza. Wao waliona kwamba kukatazwa saa ni kukatazwa ujumbe, kwani ujumbe wenyewe ulikuwa kwamba dhambi ilikuwemo chuoni, wizi na ulegevu wa mafundisho vikiwemo. Uongozi nao ulikuwa na hoja, maana chuo hakiwezi kuendeshwa na kila mtu kwa saa yake. Ila mwenye mamlaka anapoulizwa kuhusu maneno akajibu kuhusu saa na sauti, mhakiki ana haki ya kusikiliza kwa makini zaidi. Nagenda hakupata kuwekewa mikono kuwa kasisi. Alihubiri katika nchi nyingi akiwa mlei mpaka mwisho.

Kenya ya Kati, katika miaka ya vita vya Mau Mau, kitenzi hicho kiligharimu uhai. Wafuasi wa uamsho walikataa kula kiapo cha wapiganaji, wakisema damu ya Yesu imewatosha; wengi wao walikataa vilevile kubeba bunduki za walinzi wa serikali. Baadhi waliuawa. Wazalendo waliwaona wasaliti, na serikali iliwaona watu wasioaminika. Hapa mantiki ya -me- ilikuwa kali kupita popote: kiapo hufungua historia mpya ya mtu, naye mlokole anadai historia yake imekwisha kufungwa. Mtu anaweza kubishana na uamuzi wao wa kisiasa, na wengi wamebishana nao, lakini hawezi kusema walinena walichotarajiwa kunena.

Kitenzi kilichopungukiwa

Kisha mambo yaligeuka. Festo Kivengere, mtoto wa uamsho, akawa askofu wa Kigezi mwaka 1972. Josiah Kibira wa Bukoba, naye wa uamsho, akawa askofu wa Kilutheri na baadaye rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni, 1977 hadi 1984. Kilichokuwa kikikemewa kikakalia kiti. Hakuna ubaya katika hilo, lakini tanzu hubadilika msemaji wake anapobadilishiwa nafasi.

Leo ushuhuda wa Kiswahili una kanuni inayojulikana kwa yeyote aliyewahi kuhudhuria mkutano wa injili, au mkutano wa kampeni: salamu ya Bwana asifiwe, jina, nimeokoka, nampenda Yesu, na moja kwa moja kwenye ajenda. Sehemu ya kati imetoweka. Hakuna mali iliyorudishwa, hakuna jina la dhambi. Kitenzi kisichomtaja mtenda sasa hakifuatwi na simulizi linalomtaja, na anayebaki mbele ya hadhira ni msemaji peke yake na sifa yake. Mwanasiasa wa Kenya au Uganda anaposema nimeokoka jukwaani hajitii hatarini. Hadhira inayoitikia “Amina” ndiyo anayoitafuta. Sarufi ni ile ile ya mwaka 1941, lakini mzigo umehama. Zamani aliyesema ndiye aliyelipa. Siku hizi mara nyingi hulipa asikiaye: muumini wa dini nyingine katika ofisi ya umma, abiria ndani ya basi, mfanyakazi ambaye bosi wake anaongoza sala.

Kuna pengo la zamani zaidi ambalo uhakiki hauwezi kulipita. Rwanda, kitovu cha uamsho, ndiyo nchi ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, na wakristo walikuwemo miongoni mwa waliouawa na miongoni mwa waliowaua. Lugha iliyoweza kutaja senti zilizoibwa dukani kwa misheni haikuwa imejenga msamiati imara wa kutaja chuki ya kikabila kuwa dhambi ya aliyesimama hapo. Wapo waumini waliokataa kutenganishwa na jirani zao na wakafa nao. Hata hivyo, tanzu iliyojivunia kutoficha lolote ilikuwa na chumba kilichofungwa.

Swali kwa waandishi wa sera

Sera za dini katika ukanda wetu zinaandikwa kwa msamiati wa majengo, sauti na vyeti. Sheria ya Rwanda Na. 72/2018 ni mfano ulio wazi: iliyafuata mazoezi ya kufunga maelfu ya nyumba za ibada mwaka huo huo kwa sababu za usalama wa majengo na kelele, na inawataka viongozi wa taasisi za kidini kuwa na elimu ya chuo kikuu katika masomo ya dini. Nia ya kuwalinda waumini dhidi ya walaghai inaeleweka. Msiba wa Shakahola, Kenya, mwaka 2023 umeonesha uzito wake. Lakini Nsibambi hakuwa kasisi, na Nagenda aliondolewa kwenye njia ya cheti kwa sababu ya ushuhuda wenyewe. Mshauri wa sera anayependekeza cheti kuwa kipimo ajue kwamba anapendekeza kipimo ambacho waanzilishi wa vuguvugu kubwa kabisa la Kikristo katika nchi hizi wasingekifikia.

Katiba nazo zinasitasita. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inataja kutangaza dini, kufanya ibada na kueneza dini. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inazungumzia kuidhihirisha imani kwa ibada, matendo, mafundisho na maadhimisho. Mwanamke anayesimama sokoni na kusema kwa sauti ya kawaida kwamba aliiba, kwamba amerudisha, na kwamba ameokoka, yumo katika lipi? Haenezi dini kwa maana ya kumvuta mtu, wala haendeshi ibada. Anajishuhudia mwenyewe. Watafsiri wa sheria na wataalamu wa istilahi wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki wana kitenzi kilichokwisha kufanyiwa kazi na watu kwa karibu karne moja, kushuhudia, na hakimo katika ibara hizo mbili.