Duka la Tofu na DX Yangu: Kuisoma Initial D Nairobi

Yale maandishi ya Kijapani ambayo vijana wa magari hubandika mlangoni, herufi nyeusi juu ya rangi nyeupe, hayasemi lolote kuhusu mwendo wala ushindi. Yanasema hivi: duka la tofu la Fujiwara, gari la matumizi binafsi. Basi. Ni sawa na mtu kuandika "Maziwa Mala na Mayai" kwenye mlango wa gari lake halafu ajitokeze nalo kwenye mashindano. Ukimuuliza mwenye gari maana yake, atakwambia, "Hiyo ni ya Initial D, bana," na mazungumzo yanaishia hapo. Kwangu mimi, hapo ndipo yangefaa kuanza. Kibandiko hicho ndicho ufunguo wa hadithi nzima, na sisi tumekigeuza pambo.

Initial D ni hadithi ya picha ya Shuichi Shigeno, iliyotoka kwa mfululizo katika Young Magazine la Japani kuanzia 1995 hadi 2013. Wengi wetu tuliijulia kwenye katuni zilizoanza 1998, tukiazimana diski, baadaye flashi. Takumi Fujiwara ni kijana wa shule anayefanya kibarua kwenye kituo cha mafuta. Alfajiri, kabla mji haujaamka, anapanda mlima Akina na Toyota ya baba yake, Sprinter Trueno AE86, kupeleka tofu hotelini. Ameifanya kazi hiyo tangu kabla ya umri wa leseni. Baba yake, Bunta, humwekea kikombe cha maji ndani ya gari, na maji hayo hayafai kumwagika. Kijana hajui kwamba yeye ni dereva hodari. Anachojua ni kwamba ana usingizi na anataka kurudi nyumbani.

Nasoma haya nikiwa na Corolla DX, ile KE70 ya milango minne, ambayo mjomba aliinunua miaka ya 1980 na ikanifikia ikiwa na kutu chini ya milango. DX na AE86 ni ndugu kwa mifupa. Zote zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, na fundi anayejua kazi anaweza kutoa injini ya 4K ya cc 1,290 na kuweka 4A-GE ya cc 1,587, ile ile ya Trueno. Trueno yenyewe huwezi kuiagiza kama mtumba wa kawaida, kwa sababu Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane. DX nazo ni hizo hizo zilizobaki. Kila moja ikigongwa, hesabu inapungua. Kwa hiyo swali la namna ya kuibadilisha si mchezo kwangu, na Shigeno ni mmoja wa waandishi wachache waliolichukulia kama swali la maana.

Jibu lake, nikilisoma vizuri, ni hili: kila badiliko kwenye gari linapaswa kujibu swali ambalo barabara imeuliza. Bunta ameirekebisha Trueno kwa ajili ya mlima mmoja na mzigo mmoja. Hakuna aliyemtazama akifanya hivyo, wala hakungojea sifa. Mfano mwingine ni Mako Sato, dereva wa kike wa mlima Usui, anayeendesha Sileighty. Gari hilo ni Nissan 180SX iliyowekewa uso wa Silvia. Mtindo huo ulianza kwa madereva waliogonga mbele ya 180SX, yenye taa zinazochomoza, wakaona uso wa Silvia ni rahisi zaidi kuupata na kuufunga. Kilichokuja kuitwa staili kilianza kama ukarabati wa mtu asiye na pesa nyingi. Fundi yeyote wa Grogan angeielewa hadithi hiyo bila tafsiri.

Lakini sehemu iliyonishika zaidi inahusu takomita, ile saa ya kwenye dashibodi inayoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Takumi anashindana na Lancer Evo III, sedani ambayo Mkenya anaikumbuka, maana ndiyo Tommi Mäkinen aliyoshindia Safari Rally mwaka 1996. Injini ya Trueno inapasuka. Bunta anaweka nyingine, injini ya mashindano hasa, yenye uwezo wa kuzunguka hadi takriban mara 11,000. Kijana anaiendesha na kuiona nzito, haina raha. Kumbe baba ameacha takomita ya zamani makusudi. Takumi ana injini mpya lakini anaisoma kwa saa ya injini iliyokufa, na inabidi watu wengine wamfungue macho.

Sijui kama kuna ukosoaji mkali zaidi wa utamaduni wetu wa kuswapu injini kuliko kurasa hizo. Tazama mpangilio wa matumizi yetu. Pesa ya kwanza inaenda kwenye ekzosi, ili mtaa mzima ujue tumefika. Ya pili inaenda kwenye rimu. Ya tatu inakata springi ili gari lilale chini, kisha linakwama kwenye tuta la kwanza. Halafu inakuja 4A-GE, nguvu karibu maradufu, nyuma ya breki zilizotengenezwa kwa ajili ya 4K. Nyuma bado ni dramu. Mpira wa breki una umri wa mwenye gari. Namba ya injini kwenye logbook haijabadilishwa. Hapo tumefanya alichofanya Bunta, lakini bila nia ya kumfundisha mtu chochote. Tumeweka sauti mpya juu ya masikio ya zamani.

Hata hivyo, Shigeno naye hatoki hapa salama. Mlima wake ni mtupu. Usiku wa Akina hauna mtu anayetembea kando ya lami, hauna lori lililozima taa, hauna ng'ombe. Linganisha na barabara ya zamani inayoteremka kwenda Mai Mahiu. Kuna malori yanayonusa breki zilizoungua, kuna wanaouza matunda na kofia za manyoya ukingoni, kuna matatu inayopita palipokatazwa. Kona ya Akina inampima dereva peke yake. Kona ya Mai Mahiu inampima pia mama aliyesimama na ndoo ya viazi, ambaye hakuomba kuingizwa kwenye mashindano. Mwandishi aliyeelewa kikombe cha maji vizuri namna ile alichagua kutomchora mama huyo, na uchaguzi huo ndio unaowafanya vijana wetu waamini kwamba barabara ya usiku ni mali yao.

Kuna pesa pia. Injini ya mashindano inaingia kwenye hadithi na hatuoni Bunta akijikuna kichwa. Hapa nimebadilisha breki za mbele kwanza, nikangoja miezi minne, nikaweka shoki, nikangoja tena. Injini bado ni 4K. Wenzangu hunicheka kwamba nina DX ya mzee. Ni kweli, ilikuwa ya mzee, na kila Jumamosi bado inabeba unga na mitungi ya gesi ya nyumbani.

Ndiyo maana nadhani Initial D ni kazi bora kuliko mashabiki wake, na bora kuliko milima yake yenyewe. Chini ya mbio zote kuna wazo la kizamani ambalo wazee wetu wa jua kali wangelikubali: ujuzi ni kazi iliyorudiwa mpaka ikasahaulika kuwa ni kazi, na chombo kizuri ni kile kinachomfaa anayekitumia na kutomdhuru anayekutana nacho. Kwa kipimo hicho DX nyingi tunazozisifu hazijamaliza sentensi yao ya kwanza. Zina injini. Zinangoja breki.