'Je, Huu ni Ungwana?': Swali lililokuja na jibu lake

Leonard Mambo Mbotela alipofariki Februari 2025 akiwa na miaka 84, wengi waliisifu sauti yake. Leo, mpenzi wa Kiswahili, hebu tukihakiki kipindi chake jinsi tunavyohakiki tamthilia.

Tuanzie Nyeri. Mji huo ulipewa kituo cha redio cha eneo la Mlima Kenya enzi za mkoloni, kama Mombasa ilivyokuwa na Sauti ya Mvita. Haya yalijiri katika kipindi cha Hali ya Hatari, iliyodumu kuanzia 1952 hadi 1960, na serikali iliitumia redio kueneza propaganda. Redio inanena, raia anasikiza, basi. Msikilizaji wa Othaya au Karatina hakuulizwa neno.

Mnamo 1964 utangazaji ulitaifishwa, ikazaliwa Sauti ya Kenya. Miaka miwili baadaye Mbotela akaanza kuuliza, "Je, huu ni ungwana?" Hapo ndipo kuna mabadiliko makubwa ya mtindo. Badala ya hotuba, msikilizaji anapewa kisa: mathalani, mgeni anayezoea kubisha hodi chakula kikiwa mezani. Wahusika hawana majina, mgogoro ni wa nyumbani, na hakimu ni wewe uliyeketi kando ya redio. Huo ni mchezo wa kuigiza wa dakika chache. Aidha, uliwafunza Kiswahili fasaha watu ambao lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kikikuyu au Kimeru, bila kiboko cha mwalimu.

Tulitazame neno lenyewe. Pwani ya kale, muungwana alikuwa mtu huru, kinyume cha mtumwa. Mbotela alizaliwa Freretown, Mombasa, makao ya watu waliokombolewa utumwani, na babake, James Mbotela, ndiye mwandishi wa Uhuru wa Watumwa. Mwana wa ukoo huo alilichukua neno lililowahi kuwabagua wazee wake, akalifanya la kila mtu. Kwake, uungwana haurithiwi, unatendwa. Mkulima wa kahawa Tetu anaweza kuwa muungwana sawa na mwenye nyumba ya mawe Lamu.

Hata hivyo, sharti tuseme kasoro. Kisarufi, "je" huomba jibu la ndiyo au la. Kimatumizi, swali hili ni la balagha: ukilisikia tu, unajua jibu ni "La, si ungwana!" Hukumu imeshatolewa. Tena anayehukumiwa ni jirani, mgeni, abiria. Redio ya serikali ilikuwa na nafasi finyu mno ya kumuuliza chifu au waziri swali lilo hilo. Adabu ikawa wajibu wa mnyonge.

Tangu Kameme FM ianze mwaka 2000, wasikilizaji wengi wa Mlima Kenya wamehamia redio za lugha ya mama, na huko wanapiga simu, wanabisha. Kiswahili kisiachwe nyuma. Walimu wetu wanaweza kukichukua kipindi hiki darasani: mwanafunzi atunge kisa, wenzake wamtetee anayeshtakiwa, na safari hii mshtakiwa awe pia mwenye cheo. Tukifanya hivyo, swali la Mbotela litakuwa swali kwelikweli.