Januari 30: Siku Tuliyoiacha Tsuchinshan Ipotee

Mliokesha nasi vilima vya Iveti mwanzoni mwa Oktoba 2024 mnaikumbuka: saa kumi na moja alfajiri, upande wa Yatta, kichwa kikichungulia juu ya ukungu na mkia umesimama wima kama moshi wa tanuri la makaa pasipo upepo. C/2023 A3, Tsuchinshan-ATLAS. Wenzangu walishuka Machakos mjini wakiisifu. Mimi nilishuka na donge kooni, maana kometi ile ilishatuponyoka mara moja, na ilituponyoka kizembe.

Turudi kwenye vipimo. Kituo cha Tsuchinshan, China, kiliipiga picha Januari 9, 2023, nukta ya mng'ao 18.7, na Minor Planet Center, kituo kinachokusanya vipimo vya dunia nzima, wakaibandika kwenye orodha ya kuthibitishwa. Hapo ndipo zamu yetu sisi watazamaji anga wa ridhaa inapoanza: mwenye darubini ya sentimita 40 na kamera ya CCD anarundika picha, anapima nafasi, anatuma. Hakuna aliyetuma. Januari 30 ikafutwa orodhani, ikahesabiwa imepotea.

Kuifuta lilikuwa kosa. Naijua hoja yao: kila usiku unaopita bila kipimo kipya, eneo la kuitafutia linatanuka, na orodha haiwezi kubeba mizigo mikuukuu. Hoja hiyo inafaa kwa jiwe linalopita mbio jirani na Dunia. Nukta hii ilikuwa inajikokota, na mwendo wa kujikokota ndio unaokwambia kitu kiko mbali. Kweli ilikuwa mbali, kupita mzingo wa Jupita. Wiki tatu zingeipeleka wapi? Ilistahili kubaki, tena na alama ya kuwahimiza watu.

Nasi tulikuwa wapi? Januari ile ile kila lenzi ilielekezwa C/2022 E3, kometi ya kijani. Nimelisema hili miaka na miaka: picha ya mia tisa ya kometi maarufu haiongezi hata tarakimu moja kwenye hesabu ya mzingo. Kipimo kimoja cha nukta isiyo na jina kinaongeza.

Februari 22 darubini ya ATLAS iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, iliinasa upya kwa mng'ao 18.1, na vipimo vikaunganishwa. Kazi safi. Lakini zilikuwa zimekwenda siku 44.

Linganisha na asteroidi ndogo 2008 TC3. Richard Kowalski aliiona kutoka Arizona kama saa tatu na dakika arobaini asubuhi kwa saa zetu, Oktoba 6, 2008. Wataalamu na watu wa ridhaa wakaivamia, vipimo vikamiminika kwa mamia, na kabla ya jua la kesho yake ilipasuka juu ya jangwa la Nubia, Sudan, mahali palipokwisha kutajwa. Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum aliwapanga wanafunzi mstari mmoja, wakatembea mchangani wakiokota vipande. Au mkumbuke Jack Bennett wa Pretoria, mtu wa ridhaa kama sisi, aliyegundua kometi yake Desemba 28, 1969 kwa jicho na darubini ya inchi tano.

Sisi tuko nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta. Anga la kusini tunaliona, la kaskazini tunaliona. Na najua shule moja hapa kwetu iliyopewa darubini nzuri kuliko ya Bennett. Iko stoo, nyuma ya magunia ya maharagwe, kioo chake bado kimefungwa plastiki.