Deraya ya Samurai, Ngozi ya Zimwi

Huko Mkuu, Rombo, kijana mmoja alinionyesha mchoro wake: kiumbe wa gizani, masikio marefu, ngozi nyeusi ti, kavaa deraya ya samurai. Mkono wa mchoraji ni mwepesi, na kila pindo la deraya limetiwa kwa subira. Ila nilimuuliza: mwanangu, weusi huu umetoka wapi?

Viumbe hawa waliingia katika mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1978: wakaao chini ya ardhi, weusi, waovu kwa uzawa. Hapo ndipo sanaa hii inapochechemea. Upanga hupata heshima kwa tendo. Ngozi hii imehukumiwa kabla ya tendo. Na hukumu haifutwi kwa vazi.

Mwaka 1581 Oda Nobunaga, mbabe wa vita wa Japani, alimwona Yasuke, Mwafrika, akaamuru aoshwe, akidhani kapakwa wino. Weusi haukutoka. Nobunaga akamweka katika utumishi wake, akampa nyumba na upanga mfupi. Shaka yake ilimalizwa kwa maji, si kwa laana.

Na giza la chini? Wachagga walichimba mahandaki, wakajificha humo na watoto na ng'ombe wao nyakati za vita. Giza lile lilikuwa stara. Basi mchoraji wetu na amtoe shujaa wake humo, mkono mmoja upanga, wa pili jani la isale, ishara ya kuomba suluhu. Hapo weusi utakuwa rangi tu, na uungwana utaonekana.